Jinsi ya kuichimba historia ya jankisheni ya reli iliyokufa

Wengi tukifika kwenye stesheni ya zamani tunapiga picha jengo, tunapiga picha kibao cha jina kilichofutika nusu, tunaondoka. Sa hapo hujajua kitu. Jankisheni ni njia panda, na njia panda huielewi mpaka ujue kila njia ilikuwa inabeba nini, kwa hiyo usianze na "ilijengwa lini", anza na mzigo.

Chukua Kahe, pale chini ya Moshi. Reli ya Wajerumani ilianza Tanga 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, hiyo mizigo yake inaeleweka, mkonge na kahawa kwenda bandarini. Alafu kuna mguu wa tatu unaotokea Voi kupitia Taveta, huo hakuna mkulima aliyeuomba, Waingereza waliutandika wakati wa Vita ya Kwanza kupeleka askari na chakula mbele, na 1916 ukaungana na reli ya Tanga hapo hapo Kahe. Vita ikaisha reli ikabaki, kahawa ya Moshi ikapata mlango wa pili, Mombasa. Lakini mguu unaovuka mpaka unaishi kwa hisani ya mpaka, na 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Treni za mizigo za Tanga kwenda Moshi zilirudi 2019, ila mguu wa Voi ndo ule umelala.

Ukishazoea kuuliza mzigo utaona matawi mengi yanajieleza yenyewe. Msagali, kule Dodoma, ilikuwa jankisheni kwa sababu ya karanga za Kongwa, ule mradi mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 na kutupwa 1951, karanga zikakosekana na tawi likakosa kazi. Ila usikimbilie kusema mzigo ukifa tawi linakufa, maana tawi la Kaliua kwenda Mpanda, kama kilometa 210, lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, mgodi ukafungwa na treni ikaendelea kubeba watu na mazao yao.

Haya, sasa fungua ramani ya setelaiti kabla hujatoa nauli. Barabara inaweza kukata kona ghafla, reli haiwezi, inapinda taratiiibu na inakata mashamba bila kujali mipaka ya mtu. Tafuta mstari wa namna hiyo hata kama umeota miti. Kisha angalia pale tawi linapoungana na njia kuu, limeinamia upande gani? Mara nyingi limeinamia kule mzigo ulikokuwa unaenda, ili treni iingie njia kuu bila kusimama na kugeuza injini. Mimi hiki kitu kidogo kimenisaidia kuliko vitabu. Ila na ramani inadanganya, nilishawahi kushinda juani siku nzima nafuata tuta zuri kabisa, kumbe ni mfereji wa zamani wa umwagiliaji.

Ukienda eneo lenyewe beba tepu, brashi ya waya na chaki. Pima kati ya reli na reli kwa ndani, ukipata milimita 1000 hiyo ni reli ya kawaida ya huku, ukipata kama 600 ujue ni vitoroli vya shamba la mkonge au kiwanda, hiyo ni hadithi nyingine. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli, yakiwa ya chuma yasikushangaze, mbao huku zinaliwa na mchwa. Alafu piga magoti, sugua ubavu wa reli, pale katikati kwenye kiuno chake, pakaza chaki, herufi zitatokea: jina la kiwanda na mwaka. Hapa ndo watu wengi wanapoteleza. Huo ni mwaka chuma kilipotengenezwa, sio mwaka reli ilipotandikwa, na matawi ya mizigo na saidingi, zile njia za pembeni za kuegesha mabehewa, zilikuwa zinapewa reli kuukuu zilizong'olewa njia kuu. Kwa hiyo unachojua ni kwamba haikutandikwa kabla ya mwaka huo, bas. Na usiokote kitu, hata msumari, eneo la reli lina mwenyewe na ukikutwa na chuma mkononi hakuna atakayesikiliza habari za historia. Ni vizuri uombe ruhusa kabisa.

Wazee sasa. Shikamoo kwanza, kaa, usitoe simu kurekodi kabla hujaomba. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani", atakupa mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize treni ya mwisho ilipopita alikuwa ameshaoa? Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatembea? Ilikuwa kabla ya mpaka kufungwa? Waliokuwa wanapakia magunia wanakumbuka kuliko mabosi, maana gunia la kahawa na robota la mkonge hayabebeki sawa, na atakuonyesha kabisa behewa lilisimama wapi.

Makaratasi fanya mwisho, ukiwa na maswali. Nyaraka za Taifa zipo Dar na zipo Nairobi, na Nairobi pia kuna makumbusho ya reli. Omba ratiba za kazi za treni na ripoti za mwaka za shirika la reli la Afrika Mashariki, lile lililoanza 1948, usiishie kwenye barua za ufunguzi zenye sifa nyingi. Na ukikuta karatasi inasema tawi lilifungwa mwaka fulani huku mzee anakuapia treni ilipita miaka miwili baadaye, andika zote mbili, kwa sababu kufungwa ofisini ni kitu kimoja na treni ya mwisho iliyokuja kuzoa mabehewa yaliyobaki ni kitu kingine.