Mzee Akihudumiwa Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Safari nyingi za kumkimbiza mzee hospitali huwa zimeanza siku mbili tatu kabla gari halijaitwa, kwa vitu vidogo. Maji ya asubuhi yamebaki kikombeni mpaka mchana. Mkojo umekuwa kidogo na mweusi. Amesinzia kitini saa ambazo kwa kawaida huwa anaongea. Anayeyaona haya mapema humpigia daktari na mara nyingi jambo linaishia nyumbani. Ndiyo maana kitu cha kwanza kuandaa, kabla ya kifaa chochote, ni kuijua kawaida ya mzee huyo akiwa hajambo.

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika presha, mapigo ya moyo, joto la mwili na uzito. Andika pia anakula na kunywa kiasi gani, anaenda choo mara ngapi, anatembea hatua ngapi bila kushikwa, na maongezi yake yakoje. Ukurasa huo utakuja kuwa na thamani kuliko mashine zote, kwa sababu mwili wa mzee hautangazi ugonjwa kama mwili wa kijana. Nimonia au maambukizi ya mkojo yanaweza kuja bila homa kali, na dalili ya kwanza ikawa kuchanganyikiwa ghafla, kukataa chakula au kuanguka. Mzee ambaye kawaida yake ni nyuzi 36.2 akisoma 37.5, amepanda zaidi ya nyuzi moja, na hilo ni la kumwambia daktari hata kama wengine wataona ni joto la kawaida.

Kwa presha, nunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Mkanda uendane na unene wa mkono, maana ukibana sana namba hupanda bila sababu. Mzee aende haja ndogo kwanza, akae dakika 5 akiwa ameegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono umelala mezani usawa wa moyo, wala asiongeleshwe. Pima mara 2, dakika moja katikati. Kisha fanya kipimo ambacho wengi hukiacha: msimamishe na upime tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ni mtu wa kuanguka akiamka usiku, na pengine dawa zake zinahitaji kuangaliwa upya. Wakati huo huo mfundishe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama.

Mwenye moyo dhaifu apimwe uzito kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya kula. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji yanayojikusanya, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kuhema. Kwa mwenye kisukari, kipimo cha sukari ya damu kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita), mpe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asipewe chochote mdomoni.

Dawa zinataka jioni nzima. Zikusanye zote juu ya meza, pamoja na zile za kwenye droo na alizopewa na jirani. Mara nyingi utakuta dawa moja ina majina mawili ya viwandani na mzee anameza zote mbili, au kidonge cha presha kilichositishwa bado kinaendelea. Andika jina halisi la dawa, kipimo, saa na kazi yake, halafu umpelekee mfamasia au daktari orodha hiyo. Uliza hasa kuhusu tatu. Za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo na kupandisha presha, na hatari huzidi kwa mtu anayemeza pia dawa za presha na za kukojosha. Za mafua zinazoleta usingizi huwachanganya wazee akili na kuzuia mkojo. Za usingizi huangusha watu. Usisitishe dawa ya daktari kwa kujiamulia mwenyewe, wala usisage kidonge kabla ya kuuliza: vipo vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole, na ukivisaga dozi ya siku nzima huingia mwilini kwa mara moja.

Maji usiyasubirie kiu, kwa kuwa kiu hupungua kwa umri. Mpe kidogo kidogo, kila baada ya saa moja au mbili, isipokuwa daktari amempimia kiasi kwa ajili ya moyo au figo. Weka pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) nyumbani na uzichanganye kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Fuatilia pia choo: siku 3 bila kupata haja kubwa ni nyingi, na choo kigumu kinaweza kuziba mkojo na hata kumvuruga akili.

Asiyeweza kujigeuza anahitaji mipango zaidi, kwani kidonda cha mgandamizo huanza ndani ya saa chache na kupona huchukua wiki au miezi. Mgeuze kila baada ya saa 2, umwegemeze upande kidogo kwa mto mgongoni badala ya kumlaza moja kwa moja juu ya nyonga. Weka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mnyanyueni watu wawili kwa shuka iliyokunjwa. Kumburuta ndiko kunakochuna ngozi. Kila siku angalia visigino, nyonga, matako na mwisho wa uti wa mgongo. Bonyeza kidole penye wekundu, uachie: pasipogeuka rangi, kidonda kimeshaanza chini ya ngozi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa nyuma ya vidole ukitafuta joto, ugumu au ulaini usiofanana na pembeni yake. Usipasugue, na usimkalishe juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, kwa sababu unabana damu pande zote.

Wakati wa kula akae wima, na abaki hivyo dakika 30 baadaye. Akikohoa kila akimeza, au sauti ikawa kama ina maji, chakula kinaingia njia ya hewa, mtaalamu amwone. Meno, hata ya bandia, yapigwe mswaki mara 2 kwa siku, kwani uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni huleta nimonia. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu.

Njia ya kutoka kitandani hadi chooni iwe na taa ya usiku, bila mikeka wala nyaya, na kuwe na vyuma vya kushikilia pembeni ya choo. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vinavyoshika kisigino. Panga pia mtu wa pili wa kumpokea mlezi, kwa kuwa mlezi asiyelala ndiye anayekosea dozi.

Yapo ya kutosubiri hata kidogo: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kuvurugika (andika saa ilipoanza), maumivu ya kifua, kuhema akiwa ametulia, kuchanganyikiwa kwa ghafla, choo cheusi kama lami, kutokojoa nusu siku, au kugonga kichwa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kwa siku hiyo, mfuko ukae tayari karibu na mlango: orodha ya dawa, daftari, vitambulisho, nguo za kubadili, namba za simu, pamoja na miwani na kifaa chake cha kusikia. Mzee asiyeona wala kusikia vizuri hujibu ovyo mbele ya daktari, na ni rahisi kuandikwa kwamba amechanganyikiwa.