Jinsi ya kuomba kusomea uchoraji wa kihandisi katika chuo cha jamii Houston

Mwongozo huu ni kwa ndugu zangu mlio Houston na mnaotaka kusomea uchoraji wa kihandisi, yaani ramani za nyumba, mabomba na vipuri vya mashine kwa programu kama AutoCAD. Houston Community College, au HCC, inafundisha fani hii. Mlango wa kuingia ni mpana, lakini wengi hukwama kwenye makaratasi.

Kabla ya fomu yoyote, chagua kati ya cheti na shahada ya miaka miwili iitwayo AAS, yenye krediti (vipimo vya uzito wa masomo) kama 60. Ikiwa Kiingereza bado kinakusumbua, ushauri wangu ni kuanza na cheti. Texas haidai mtihani wa TSI, wa kupima kusoma, kuandika na hesabu, kwa cheti cha ngazi ya kwanza, chenye krediti zisizozidi 42. Unayelenga kuwa injinia mwenye shahada ya chuo kikuu, zungumza na mshauri wa chuo kwanza, kwa sababu krediti nyingi za AAS hazihamishiki kirahisi.

Kisha jaza maombi kwenye tovuti ya ApplyTexas. Hapa nenda polepole, hasa wewe uliyetoka Kongo na majina matatu. Andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, kwa mpangilio uleule, hata kama Diplôme d'État yako, cheti cha kumaliza sekondari, imeyapanga vingine. Tarehe ya kuzaliwa nayo ifuate hati zako za Marekani. Majina yakitofautiana, msaada wa fedha unaweza kusimama hadi uthibitishe kuwa ni wewe yuleyule. Ikiwa kadi yenyewe ndiyo imekosewa, anzia ofisi ya Social Security.

Siku hiyohiyo jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali kuu, kwenye StudentAid.gov. Ni bure, usimlipe mtu. Mwenye grini kadi huandika namba yake ya A, yaani namba ya uhamiaji (Alien Number). Ikiwa na tarakimu nane, tanguliza sifuri zifike tisa. Ukistahili Pell Grant, hiyo ni ruzuku ya serikali, si mkopo. Kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395.

Vyeti vya nyumbani vipeleke kwa wakala wa tathmini anayekubaliwa na chuo, na uulize mapema kama vinahitaji tafsiri. Tayarisha pia ushahidi kuwa umeishi Texas miezi 12, kama mkataba wa nyumba, maana asiyehesabiwa mkazi hulipa ada kubwa zaidi.

Walio chini ya miaka 22 wanatakiwa kuwa na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, iliyochomwa angalau siku 10 kabla ya masomo kuanza. Wa AAS wafanye TSI, na zoezi la utangulizi la mtandaoni ni lazima kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Ukishakubaliwa, onana na mshauri wa fani, ujiandikishe madarasa, kisha angalia kwenye akaunti yako tarehe ya mwisho ya kulipa. Ikipita unaweza kuondolewa darasani.

Usinunue kompyuta ya Chromebook. Revit, programu ya kuchora majengo, inataka Windows, na Autodesk humpa mwanafunzi aliyethibitishwa programu zake bure kwa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa. Ukiwa unasubiri muhula, jizoeze futi na inchi. Ramani ya hapa ikiandikwa robo inchi kwa futi moja, hiyo ni 1:48, na mwalimu hatasubiri uzoee kutoka milimita.