Shukrani Katika Nyumba Yenye Watoto Wadogo: Mwongozo kwa Akina Mama

Mama mwenye watoto wa chini ya miaka mitano huambiwa ashukuru mara nyingi kuliko anavyoulizwa kama amelala. Akisema amechoka, hukumbushwa kwamba wapo wanaotafuta mtoto hata mmoja na hawajampata. Akisema shughuli za nyumba zimemwelemea, hujibiwa kwamba watoto hukua haraka na siku hizi atazikumbuka. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamfundishi mtu kushukuru, bali humfundisha kunyamaza. Shukrani ninayoizungumzia hapa ni kazi ya kuona jambo lililotendeka ndani ya nyumba siku hiyo, kulitaja kama lilivyo, na kumfikishia aliyelitenda. Ni kazi inayojifunzwa kidogo kidogo, na inawezekana hata katika nyumba ambayo maji hutoka kwa mgao na mama hurudi kutoka ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, giza limekwisha kuingia.

Chagua wakati ambao tayari upo

Wengi hushauri mama atenge muda wa utulivu usiku, watoto wakishalala. Naona ushauri huo hauwafai mama wengi, kwa sababu watoto wakilala ndipo sare za chekechea hufuliwa, au mama naye huwa amesinzia ubavuni mwa mtoto. Ni afadhali kuchagua kazi ambayo utaifanya kwa vyovyote vile, ambayo mikono ina shughuli lakini macho yako huru, na kuifanya kazi hiyo kuwa saa yako ya kutazama.

Kwa nyumba nyingi za Dodoma, kazi inayofaa kuliko zote ni kuogesha watoto jioni. Katika miezi ya kiangazi upepo huja na vumbi, na watoto waliocheza nje huingia ndani miguu na nyusi zikiwa na rangi moja na uwanja. Maji yamekwisha kuchemshwa na kuchanganywa kwenye beseni, na hakuna namna ya kuharakisha. Tazama hapo. Mdogo anachota maji kwa kikombe cha plastiki na kummwagia kaka yake kichwani, na kaka huyo, ambaye mchana kutwa alikuwa akimnyang'anya kikombe hicho hicho, anafumba macho, anainamisha kichwa na kusubiri amwagiwe tena. Jambo hilo huchukua muda mfupi sana, na ukiwa umeiinamia simu litakupita. Jisemee sentensi moja juu yake, kwa sauti ikiwezekana, kisha endelea kusugua magoti.

Mwenye mtoto mchanga anaweza kuutumia wakati wa kunyonyesha, na anayempeleka mtoto chekechea kwa miguu akaitumia njia ya asubuhi.

Taja jambo lenyewe

"Nashukuru kwa ajili ya familia yangu" ni sentensi njema, tena inafaa sana ibadani, lakini nyumbani haikusaidii kuona. Kipimo ninachokipenda ni hiki: kama sentensi hiyo ungeweza kuisema wiki iliyopita bila kubadilisha chochote, bado hujakisogelea unachokishukuru. Sema kwamba leo mtoto alimwachia mdogo wake kipande cha mwisho cha ndizi bila kuambiwa. Kwamba homa ilishuka kabla ya alfajiri. Kwamba jirani alianua nguo zako mawingu yalipotanda na wewe haupo.

Kuandika kunasaidia, na habari njema kwa mama mwenye shughuli nyingi ni kwamba si lazima kuandika kila siku. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la washiriki liliandika mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, mambo yasiyozidi matano waliyoyashukuru, huku kundi jingine likiandika kero zake. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, na walikuwa na matumaini makubwa zaidi kuhusu wiki iliyokuwa mbele yao. Washiriki hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu na si wanawake wenye watoto mgongoni, lakini utaratibu wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba mama anaweza kuujaribu bila gharama yoyote. Tumia kurasa za nyuma za daftari la matumizi ya nyumbani, lile lile ambalo kurasa zake za mbele zina bei ya unga, mkaa na vocha, na uandike Jumapili jioni au siku yoyote inayokufaa. Mambo matatu yanatosha, na likipatikana moja tu, andika hilo moja.

Mfikishie aliyetenda

Hapa ndipo ninapopaona pa muhimu kuliko pengine pote. Shukrani inayobaki moyoni mwa mama humtuliza mama peke yake, lakini ile inayomfikia mwenyewe hubadilisha namna watu wanavyoishi pamoja.

Anza na yule anayeshinda na watoto. Katika jiji hili, ambalo watumishi wengi wamehamia kufuata kazi huku ndugu zao wakibaki mikoa mingine, nyumba nyingi humtegemea dada wa kazi kuanzia alfajiri hadi jioni. "Asante dada" inayosemwa huku mtu akivua viatu haitoshi. Mwambie ulichokiona: "Dada, nimekuta umemkata mtoto kucha, tena umenieleza kwamba alikohoa mchana. Asante, umenisaidia kujua la kufanya usiku huu." Ni lazima pia niseme wazi kwamba maneno hayo yana uzito pale tu mshahara wake unapolipwa kwa wakati na siku yake ya mapumziko inapoheshimiwa; bila hivyo, shukrani hugeuka kuwa njia ya kumlipa mtu kwa maneno.

Kwa bibi wa watoto, piga simu kwa ajili ya kushukuru tu, bila kuambatanisha ombi. Tuseme alikutumia mlenda mkavu kutoka Kongwa au Mpwapwa, ule ambao huchumwa wakati wa masika, ukaanikwa na kutwangwa ili utumike kiangazi. Mazungumzo yanaweza kuwa mafupi kama haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Wajukuu zangu wazima?"

"Hatujambo, wazima kabisa. Nimekupigia nikushukuru kwa ule mlenda. Jana nilichelewa kurudi, nikachemsha maji, nikaukoroga upesi, na watoto wakala ugali wao wakamaliza."

"Haya, asante kushukuru. Ukiisha uniambie."

Bibi aliyeambiwa hivyo anajua kwamba kazi ya mikono yake ilifika mezani na kwamba iliokoa jioni ya mtu.

Kwa mume, taja alichokifanya siku ambayo amekifanya, hata kama ni kujaza ndoo maji yalipotoka usiku wa manane. Hata hivyo, kushukuru kwa ndoo moja hakukuzuii kuomba msaada zaidi. Mama anaweza kusema kwa kinywa kile kile kwamba anashukuru kwa maji ya jana, na kwamba kuanzia wiki ijayo anaomba baba awe anawaogesha watoto siku ambazo yeye huchelewa kurudi.

Watoto wenyewe

Mtoto wa chini ya miaka mitatu hahitaji somo. Hujifunza kwa kuona wakubwa wakipokea kitu kwa mikono miwili na kushukuru, na kumlazimisha aseme asante huku analia hakumfundishi lolote. Kwa wa miaka mitatu hadi mitano, usimuulize anashukuru nini, kwa maana swali hilo ni pana na atakujibu "chakula" kila siku. Muulize, "Leo nani amekusaidia?" Atakumbuka mtu, na pamoja na mtu huyo atakumbuka tukio: mwalimu aliyemfunga kamba za viatu, au mtoto mwenzake aliyemsukuma kwenye bembea.

Mazingira ya Dodoma nayo yana mafundisho yake, kwa sababu hapa vitu huja kwa msimu na mtoto anaweza kuona vinapokosekana na vinaporudi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mnaponunua zabibu barabarani, mwache mtoto aulize zinatoka shamba gani, na mwenyewe amshukuru muuzaji. Bomba likitoa maji baada ya siku kadhaa kuwa kavu, mweleze kwamba maji mengi ya jiji huvutwa kutoka visima virefu vya Mzakwe, na kwamba kuna watu wanaofanya kazi kule ili beseni lake lijae. Maelezo mafupi kama hayo humfanya mtoto aone kwamba nyuma ya kila kitu yupo mtu.

Siku ambazo haiwezekani

Kuna siku ambazo mtoto ametapika usiku mzima na mama hana la kutaja. Siku hizo usijilazimishe. Unaweza kuandika "Nimechoka sana" na chini yake "Mtoto amekunywa uji nusu kikombe", na sentensi hizo mbili zikakaa pamoja bila moja kuifuta nyingine.

Lakini huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili, usingizi ukikataa hata mtoto anapolala, au ukajikuta huna hamu naye kabisa, huko si kukosa shukrani. Inaweza kuwa sonona, ambayo huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua na ina matibabu. Mweleze muuguzi siku ya kliniki ya mtoto, bila kusubiri aulize. Mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto yakija, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo pamoja na mtu unayemwamini. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma, na inasikitisha kwamba jina lake limefanywa kuwa tusi mitaani, kwa sababu wapo akina mama wanaohitaji huduma yake na wanaona aibu kupita getini. Vivyo hivyo, mama anayepigwa nyumbani asiambiwe ashukuru kwamba ana mume. Aende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Kuhusu daftari, wiki ikipita bila kuandika, anza na wiki iliyopo na usijaribu kuzijaza zilizopita. Kila baada ya miezi michache, wasomee watoto kurasa chache kwa sauti, hasa zile zinazotaja walichokifanya wao. Aliyekwisha kujua kuandika, hata kama ni jina lake tu, mpe kalamu aliandike pembeni mwa sentensi inayomhusu.