Kufufua bustani ya mbele iliyogeuka kichaka

Bogenvilia na mishubiri vikishasongamana, vishughulikie Novemba, kabla mvua za Mtwara hazijakolea. Bogenvilia ipunguze theluthi moja tu. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Mishubiri ndiyo huwashinda wengi. Ng'oa maotea, yaani miche midogo inayochipuka pembeni mwa mmea mama, yenye mizizi yake, yaanike kivulini siku 3 hadi 5 mpaka kidonda cha pale yalipong'oka kikauke, ndipo uyapande kwa nafasi ya sentimita 40. Kidonda kibichi kikikutana na maji, kinaoza, kwa hiyo usimwagilie wiki ya kwanza. Juu tandaza kokoto au makumbi ya nazi, sentimita 5, yasiguse mashina. Maganda mabichi ya korosho achana nayo, hata ukipewa bure: mafuta yake hubabua ngozi.