Kupima usingizi wa panya wa maabara, kwa mnaoanza

Wanafunzi wenzangu wa Mwanza mnaofanya projekti za panya, anzeni na taa kabla hata ya kugusa dawa. Weka taima, masaa 12 mwanga masaa 12 giza, huku ziwani jua lenyewe karibu linafuata ratiba hiyo mwaka mzima ila usitegemee dirisha, ziba kabisa, na mlinzi asiingie usiku na tochi ya simu maana mwanga unashusha melatonini, homoni ya usiku. Ukilazimika kuingia tumia taa nyekundu hafifu, panya haioni vizuri.

Alafu hii melatonini wengi wanaiita homoni ya kulalisha, sio kivile, kwa panya inapanda usiku na usiku ndo muda wake wa kukimbia, kazi yake ni kuuambia mwili giza limeingia basi. Kabla hujanunua uliza aina, wale weusi C57BL/6 wanatengeneza kidogo mno, utapima hewa!

Kinachomfanya abaki macho ni oreksini, kemikali ya haipothalamasi (sehemu ya ndani ya ubongo), iligunduliwa 1998, panya asiye nayo anazimika ghafla katikati ya shughuli.

Waache wazoee banda kama wiki hivi, wakamate kwa upole, ukileta fujo kotikosteroni, homoni ya msongo, inapanda na usingizi unavurugika. Damu chukua saa ileile kila mara, homoni hiyo kawaida inakua juu giza likikaribia. Kamera inatosha kwa kuanzia, akitulia sekunde 40 mfululizo andika amelala. Ukitaka kujua usingizi wa ndoto hapo lazima elektrodi kichwani, na kibali cha maadili mkononi.