Bima ya gari Uingereza kwa mwenye leseni mpya: namna ya kushusha bei bila kudanganya

Ndugu zangu mlioko huku Uingereza, hii ni kwa wale mliopasi mtihani juzi juzi, kadi ya pinki imeshafika kwa posta, afu unaingia mtandaoni kutafuta bima unakuta wanataka hela kubwa kuliko gari lenyewe. Usikate tamaa, na usikubali bei ya kwanza.

Kwanza elewa wanavyopiga hesabu. Nyumbani bima kubwa inatokana na asilimia ya thamani ya gari, mwenye Vitz analipa ya Vitz na mwenye V8 analipa ya V8, nani anashika usukani hawaulizi sana. Huku wanampigia hesabu dereva: umri, leseni unayo muda gani, nchini umeingia lini, unaishi wapi, gari linalala wapi, kazi gani, unalitumia kwa shughuli gani. Ndio maana watu wawili wana gari la aina moja na wanakaa mtaa mmoja lakini mmoja analipa zaidi ya mara mbili ya mwenzie. Kwahiyo kazi yako ni kujua kipi kwenye hayo unaweza kukibadilisha kweli, na kipi unakisema kama kilivyo unalipa.

Kuhusu leseni ya nyumbani
Kenya, Tanzania, Uganda hazipo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake zinabadilishwa moja kwa moja huku. Unaruhusiwa kuendesha na leseni ya nyumbani miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, baada ya hapo imeisha, hata kama kwenye kadi imeandikwa ina miaka mitatu mbele. Na ukiendesha na leseni isiyotambulika hata bima uliyolipia inaweza kukuruka, hapo ndio watu wengi wanaumia. Hiyo miezi 12 itumie vizuri: omba provisheno, yaani leseni ya anayejifunza, mapema (mtandaoni ni £34), fanya mtihani wa nadharia £23, wa barabarani £62 siku za kawaida. Foleni ya kupata tarehe ya mtihani wa barabarani ni ndefu sana kwa hiyo usisubiri miezi kumi ipite ndio uanze kuhangaika. Ukipasi na gari la otomatiki leseni yako inakuruhusu otomatiki tu, lifikirie hilo kabla maana magari madogo ya bei rahisi mengi ni manyuo, ya kubadilisha gia mwenyewe.

Sasa umepasi. Fomu zinauliza leseni ya Uingereza unayo muda gani, jibu ni kuanzia siku uliyopasi, miaka kumi ya kuendesha Mwenge na Kariakoo haiingii hapo. Inauma lakini ndivyo ilivyo. Ila kuna kampuni na mabroka (madalali wa bima) wachache wanaoangalia uzoefu wa nje, hawa huwapati kwa kubofya bofya, unapiga simu unawaeleza. Mwambie ndugu yako nyumbani aende kwenye kampuni iliyokuwa inakukatia bima akuombee barua rasmi, yenye nembo na tarehe na namba ya bima, kwa Kiingereza, inayosema umekuwa mteja wao kuanzia lini na hujawahi kudai. Wengi watakataa kuihesabu, wachache watakubali, na hao wachache wanaweza kukupunguzia kiasi cha maana. Kama hujui uanzie kwa broka gani, chama cha mabroka kinaitwa BIBA, wana huduma ya kukutafutia broka anayeshughulika na watu wa aina yako.

Usinunue gari kabla hujaulizia bima
Hili nalisisitiza sana. Mtu anaona BMW ya £2,500, anatoa hela, analeta nyumbani, ndio anaulizia bima. Kinyume chake ndio sahihi. Magari mengi huku yamepangwa kwa makundi 1 mpaka 50, kundi la chini bima nafuu, la juu ghali. Angalia vitu kama Hyundai i10, Kia Picanto, Volkswagen Up, Fiat Panda, Skoda Citigo, Toyota Aygo, hayo ndio magari ya kuanzia. Ukiona gari kwenye tangazo chukua namba yake ya usajili iingize kwenye fomu ya bima upate bei hapohapo, ni bure, na kuulizia bei hakuharibu rekodi yako ya mikopo. Gari lenye rimu kubwa za kuongezwa, ekzosi ya kelele, vioo vya tinti, liache, kila kilichobadilishwa unatakiwa kukitaja na kila ukitaja bei inapanda.

Kazi na matumizi, hapa ndipo watu wetu wanaponaswa
Kwenye fomu utaona sehemu ya matumizi. Kuna "social, domestic and pleasure", hiyo ni sokoni, kanisani, msikitini, kutembelea watu. Kuna "commuting", hiyo ni kwenda na kurudi kazini, sehemu moja ile ile. Afu kuna "business". Wengi wetu tunafanya kazi za kea, za kuhudumia wazee na wagonjwa. Kama unafanya kwenye kea homu moja, hiyo ya pili inakutosha. Lakini kama unazunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, asubuhi uko kwa huyu saa nne uko kwa yule, hiyo ni biashara, unahitaji bima yenye "business" hata kama gari ni lako na mwajiri hakupi hata senti ya mafuta. Watu wanaruka hicho kipengele kwa kuona bei itapanda, siku ukigongana mchana kati ya mteja na mteja kampuni inaangalia inakuta hujakatia hiyo safari. Mara nyingi tofauti ya bei sio kubwa kama watu wanavyoogopa, ulizia tu.

Kubeba chakula au mizigo kwa ajili ya zile app ni kitu kingine kabisa, hata hiyo "business" ya kawaida haitoshi, kuna bima maalum ya kubeba kwa malipo. Usiende hata oda moja bila hiyo.

Jina la kazi nalo linabadilisha bei. Kama kazi yako kiukweli inaweza kuitwa kwa majina mawili, jaribu yote mawili uone, hilo ni halali. Kujiita mhasibu wakati unaosha vyombo sio halali. Sheria ya mwaka 2012 inasema mteja ajibu maswali kwa uangalifu na ukweli, ukidanganya wana haki ya kukataa kukulipa au kufuta bima yote, na ukishafutiwa bima mara moja utaulizwa hilo swali kila unapoomba, bei yako haitashuka kwa miaka.

Posta kodi pia. Sisi tunahama hama sana vyumba, leo Luton kesho Leicester. Weka pale gari linapolala kweli, na ukihama wapigie uwaambie, usiweke ya binamu anayekaa kijijini kwa sababu kule ni rahisi.

Kutafuta bei
Anza wiki tatu mpaka nne kabla ya siku unayotaka bima ianze. Anayekata bima ya kuanza kesho anaonekana mtu wa dharura na wanamtoza zaidi, tofauti inaweza kuwa mamia ya pauni. Pita kwenye tovuti za kulinganisha, Confused.com, Compare the Market, MoneySuperMarket, Go.Compare, usiishie moja maana hazitoi bei sawa. Baada ya hapo angalia na kampuni ambazo hazipo humo, mfano NFU Mutual.

Usikimbilie thadi pati, ile bima ndogo, kwa kudhani ndio rahisi kama nyumbani. Huku mara nyingi bima kubwa inatoka bei ya chini kuliko thadi pati kwa sababu madereva wenye hatari zaidi ndio wanaichagua thadi pati, basi kampuni zimeipandisha. Ulizia zote.

Kuna ekses, ile hela unayotoa mwenyewe kwanza ukipata ajali. Ukiiongeza bei ya bima inashuka. Lakini piga hesabu: gari la £1,500, ekses ya lazima £500, wewe umeongeza £500 nyingine, gari likifa unapata £500. Weka kiasi ambacho kesho asubuhi ukiambiwa ukitoe unacho.

Kuongeza dereva mwingine mwenye uzoefu, mume au mke au dada unayekaa naye, inaweza kushusha bei vizuri, mradi kweli huyo mtu ataendesha mara moja moja. Kinachokatazwa ni kugeuza: gari la kwako, unaendesha wewe kila siku, afu unaandikisha shemeji ndio dereva mkuu kwa sababu ana miaka mingi. Huo ni udanganyifu wa bima na shemeji naye unamwingiza matatani.

Blakiboksi
Ni kidude kinafungwa kwenye gari au app kwenye simu, kinapima unavyoendesha, spidi, breki, kona, saa. Kwa kijana au mgeni wa leseni mara nyingi ndio njia ya bei nafuu kuliko zote na mimi naiunga mkono kabisa, isipokuwa kwa mtu wa shifti za usiku. Baadhi ya hizo bima zinakukata alama au kukuongezea bei ukiendesha kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Nesi anayetoka wodini usiku wa manane atapata alama mbaya kwa kutoka kazini tu. Kwahiyo kabla ya kulipa uliza swali moja, masaa ya usiku yanahesabiwaje, na upate jibu kwa maandishi.

Bima za WhatsApp
Tafadhali hapa nisikilizeni. Kwenye magrupu yetu anatokea mtu, mara nyingi anaongea lugha yetu, anasema mimi nina njia nitakukatia bima ya £1,800 kwa £600, tuma hela. Wanaofanya hivi wana namna kadhaa. Mmoja anakutengenezea karatasi feki. Mwingine anakata bima ya kweli lakini anajaza uongo, anakufanya uwe na miaka 48 na uzoefu wa miaka 20, unatumiwa cheti kizuri tu, ikifika siku ya kudai hakuna kitu. Mwingine anakata bima, anakutumia cheti, afu anaifuta wiki hiyo hiyo hela inarudi kwake. Polisi huku hawakuulizi karatasi kama trafiki wa nyumbani, kamera zinasoma namba ya gari na kompyuta inawaambia kama lina bima. Wakikukuta huna, ni faini ya £300 na pointi 6 (alama za makosa kwenye leseni), gari wanaweza kulibeba papo hapo. Na kwa leseni mpya pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza maana yake leseni inafutwa, unaanza upya na provisheno, nadharia na barabara. Kusema nilitapeliwa hakukuondolei kosa, bima ni jukumu la mwenye kuendesha.

Kujikinga: jina la kampuni au broka litafute kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima na fedha, lisipokuwepo kimbia. Ukishalipa, baada ya siku chache ingiza namba ya gari lako kwenye tovuti ya MIB, ndio wanaotunza daftari la magari yenye bima, kuangalia la kwako ni bure. Na fomu jaza mwenyewe, au kaa pembeni ya anayekusaidia usome kila jibu.

Kulipa
Ukiweza lipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kulipa kila mwezi ni mkopo wenye riba, chukulia bima ni £1,800, kwa mwezi wanakuambia £168, ukizidisha mara 12 ni £2,016, umetoa £216 bure. Watu wa nyumbani tumezoea michezo ya kupeana hela kila mwezi, mtu akipangilia zamu yake iangukie mwezi wa bima inamsaidia kweli. Kama huna namna ni kila mwezi, hakikisha akaunti ina hela siku ya kukatwa, malipo yakigoma wanafuta bima na hilo la kufutiwa nimeshasema linavyokufuata. Una siku 14 za kubadili mawazo baada ya kununua, watakukata siku ulizotumia na pengine ada kidogo.

Mwaka wa kwanza ukiisha
Mwaka bila kudai unakupa bonasi ya mwaka mmoja, yaani punguzo la kutodai, huo ndio mwanzo wa bei kushuka, na inashuka kweli. Barua ya kuendelea inakuja wiki chache kabla. Tangu Januari 2022 FCA imekataza mteja wa zamani kutozwa zaidi ya mteja mpya kwenye kampuni ile ile, lakini kampuni nyingine inaweza kuwa rahisi zaidi, kwahiyo rudia zoezi lote la kulinganisha na uzime ile ya kujiendeleza yenyewe kama unahama. Omba uthibitisho wa bonasi kwa maandishi uuhifadhi. Ukienda nyumbani kwa muda mrefu, gari ukaliacha uani kwa mtu, usiliache tu bila bima, litangaze DVLA, ofisi ya serikali ya leseni na usajili wa magari, kwamba haliko barabarani, vinginevyo faini inakuja hata kama halijasogea. Na bonasi yako kampuni nyingi zinaitambua kwa miaka miwili tu tangu bima ya mwisho iishe, ukikaa zaidi ya hapo unarudi sifuri.