Namna ya kuitazama The Fable bila kukata tamaa mapema

Anayeanza The Fable, anime (mfululizo wa katuni za Kijapani) ya mwaka 2024, akitarajia risasi kila dakika atachoka upesi, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuweka sawa matarajio. Akira Sato, muuaji wa kukodiwa asiye na mfano, ameamriwa na bosi wake aishi Osaka kwa mwaka mzima bila kuua mtu, akijifanya kaka wa Yoko, mwenzake wa kazi aliye hodari wa pombe.

Tazama sehemu 3 au 4 kwa mfululizo, kwa sababu visa vyake hujengwa polepole na hukatika vibaya ukivionja kimoja kimoja. Uchague sauti za Kijapani zenye tafsiri ya maandishi. Nusu ya kichekesho imo katika sauti kavu ya Sato, isiyopanda wala kushuka hata anapotishwa. Mwangalie pale runinga inapomwonyesha Jackal Tomioka, mchekeshaji ambaye wengine hawaoni anachochekesha: uso uliokuwa kama jiwe unapasuka kwa kicheko. Hapo ndipo utakapojua kama mfululizo huu unakufaa.

Michoro yake haina mbwembwe, nami naona inaifaa hadithi. Ukimaliza sehemu zote 25, rudi kwenye manga (kitabu cha katuni) ya Katsuhisa Minami, iliyoanza mwaka 2014. Filamu ya waigizaji halisi ya mwaka 2019 inaweza kusubiri.